Wingu la Bahi na Marufuku ya Utani

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Sijaongeza chumvi wala sijapunguza maji. Jogoo wangu mwekundu yule pale, amefungwa mguu kwenye kigingi. Atakayenikamata na uongo mmoja tu, hata uwe mdogo kama utitiri, amfungue aende naye. Kalunde, mtani wangu Mnyamwezi wa nyumba ya pili, ameshavuta kigoda chake na amekaa karibu na jogoo kuliko karibu na mimi. Akae. Mwaka wenyewe siutaji, maana bado haujafika na sitaki kuuharakisha.

Mwaka huo, basi, mawingu yalikuwa yanafumwa kama mikeka. Karakana ilikuwa Saranda, kule juu ambako reli inamaliza kupanda ukingo wa bonde ikitokea Bahi. Ilikuwa na kuta ndefu nyeupe na haikuwa na paa, kwa sababu ukiezeka paa bidhaa haitoki. Wafumaji walikaa juu ya vigoda virefu kuzunguka beseni pana la shaba, miguu ikining'inia, wakivuta mvuke kwa vidole kama mtu anayechambua pamba, na kila wakishavuta wakainama kuupulizia pumzi. Vuta, pulizia. Vuta, pulizia. Aliyepita nje ya ukuta alidhani humo ndani kuna kijiji kizima kimelala usingizi mzuri.

Msimamizi wa miradi alikuwa Sechelela Chidawali, mama wa makamo, mrefu, mwenye mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani hata akiwa hajabeba kitu. Kila wingu lilikuwa mradi. Lilikuwa na mteja wake, ukubwa wake, timu yake na siku ya kukabidhiwa. Kazi ya Sechelela ilikuwa kuona kwamba wingu linaondoka kwa siku yake, linanyesha pale lilipoagizwa, na linanyesha maji tu. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi.

Kabla ya zama zake walijaribu mashine. Wingu la mashine lilikuwa zuri kulitazama, limenyooka pembe zote, lakini halikujua kunyesha. Lilifika juu ya shamba, watu wakatoa ndoo nje, likakaa tu kama mgeni asiyejua kuaga. Mafundi walikuja kugundua kwamba tone haliwezi kuanguka mpaka liwe limewahi kupita karibu na kifua cha mtu. Pumzi ndiyo inayolipatia tone uzito. Lakini pumzi nayo haisafiri peke yake. Mfumaji akipulizia akiwa na njaa, mvua yake inawatia watu njaa. Akipulizia akiwa na hasira, mvua inashuka na mawe. Kijiji kimoja kiliwahi kupelekewa wingu lililofumwa na mtu aliyefiwa. Likanyesha asubuhi ya kupanda, na watu wakakaa chini katikati ya mashamba, majembe magotini, wakalia mpaka msimu ukawapita. Mbuzi walilia. Hata kunguru, ndege asiye na haya, walionekana wamejipanga juu ya ukuta wakijifuta midomo kwa mabawa.

Ndiyo maana kila siku, wakati wa chai ya saa nne, Sechelela aliliendea beseni na kijiko chake, akachota tone moja, akaliweka kwenye ulimi na kufumba macho. Wingu safi halina ladha. Hicho ndicho kilikuwa kiwango, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokitunga.

Siku hiyo alionja wingu la Bahi.

Kwanza ilikuja harufu ya moshi wa kuni. Kisha akaona uwanja uliofagiwa, nyuma ya nyumba ya tembe, na mwanamke aliyejifunga kanga kifuani anawaita kuku. Kuku wanakuja wote kwa fujo, isipokuwa mmoja anayechechemea, na mwanamke anamsubiri huyo mmoja, mtama umebaki ngumini, anamcheka kwa huruma. "Njoo, mwenye mguu wako. Njoo, wa mwisho wangu."

Sechelela akameza. Aliwajua kuku wale na alimjua mwanamke. Alikuwa Bi Talita, mke wa Mzee Ndahani, na walikuwa wamemzika wiki iliyotangulia.

Akafumbua macho. Ng'ambo ya beseni, Mzee Ndahani, mfumaji kiongozi, alikuwa ameinama anapulizia. Kando yake palikuwa na bakuli la mlenda, mboga yetu Wagogo ya kuteleza, alioletewa na binti yake. Alikuwa ameula nusu na kuusukuma pembeni.

(Kalunde alikohoa hapa, lakini mimi niliendelea.)

"Mzee Ndahani, umekunywa chai?" Sechelela aliuliza.

"Nimekunywa, mwanangu."

"Mbona kikombe kimejaa?"

Mzee akakitazama kikombe kana kwamba kimeletwa na upepo. "Basi nitakinywa."

"Ungepumzika leo."

"Nikishuka hapa, hili linasambaratika. Unajua." Aliupapasa mvuke kama mtu anayepapasa mgongo wa ndama. Ni kweli, wingu humjua aliyelianza. Ukimwondoa kiongozi, unabaki na umande. "Limeharibika?"

Sechelela akakifuta kijiko chake, akakifuta tena.

"Najitahidi kupulizia kwa pembeni ya mdomo," mzee alisema taratibu.

Kwenye kigoda cha jirani alikuwepo Nyamizi, mwanamke wa Kinyamwezi, mfupi, mwenye mashavu ya mtu aliyezaliwa kucheka. Zamani angekuwa ameshasema neno. Sasa aliangalia vidole vyake, akavuta mvuke, akapulizia. Sechelela akamwona, akajisikia vibaya, na hakujua kwa nini.

*

Nyamizi alikuwa amenyamaza kwa sababu utani ulikuwa umepigwa marufuku, na aliyeupiga marufuku alikuwa Sechelela.

Msimamo huo ulikuwa na chanzo chake. Msimu uliopita timu hii hii, Wagogo upande huu na Wanyamwezi upande ule, walifuma wingu moja huku wakichokozana tangu asubuhi hadi jioni. Hawa wakiitwa watu wa mlenda, wale wakiitwa wapagazi wa michembe, vile viazi vitamu vikavu. Wingu likatoka limenona, linatikisika lenyewe kama tumbo la mtu anayejizuia kucheka. Likapita juu ya mashamba yaliyoliagiza bila kudondosha hata tone, likamkuta Mnyamwezi mmoja anapita zake kwa baiskeli, likammwagia. Akakata kona, nalo likakata kona. Likamfuata hivyo hivyo mpaka Tabora, likamsubiri nje ya nyumba.

Makao makuu hawakucheka. Sechelela aliita kikao, akasema kuanzia leo ndani ya kuta hizi na popote timu inapokutana, hakuna utani. Kazi ni kazi. Ubora ukapanda. Mawingu yakatoka hayana ladha kabisa, yakaanguka pale pale yalipotumwa, na akapongezwa mbele ya wasimamizi wenzake. Timu nayo ikawa inafika kwa wakati, inavuta, inapulizia na kurudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba chai ya saa nne imekuwa chungu.

Mchana ule wa mlenda alikuja Bwana Lwitiko, mkaguzi wa ubora kutoka makao makuu, mtu mpole mwenye suti iliyopigwa pasi na kisanduku cha mbao chini ya kwapa. Alionja wingu la Bahi, akalitema kwa adabu kwenye kitambaa.

"Pole sana kwa msiba wenu," alisema walipoingia ofisini. "Bahi wanasemaje?"

"Mtama umefika magotini na majani yameanza kujikunja. Wanapiga simu kila wakati. Sasa hivi hawaombi tena, wanauliza tu hali zetu."

"Na upepo?"

"Upepo wa kuteremka bondeni unapita kesho asubuhi. Ukishapita, hautarudi mpaka mtama uwe mabua."

Bwana Lwitiko akafungua kisanduku. Ndani palikuwa na kofia laini ya kijivu, kama kofia ya mtoto mchanga, ina mikanda miwili ya kufungia chini ya kidevu na mrija mwembamba unaoingia kwenye chupa.

"Inavuta huzuni," alisema. "Haiumi. Unafunga kishikizo, mtu anahesabu pumzi chache, huzuni inashuka kwenye chupa, tunaziba. Ila ni sharti msimamizi wake ndiye afunge. Sisi hatufungi, maana hatumjui."

"Inavuta huzuni peke yake?"

Mkaguzi alikuwa mtu mkweli. "Inavuta na kile ambacho huzuni imekishika. Atajua kwamba alikuwa na mke, na jina lake atalijua. Atajua kama wewe unavyojua mji mkuu wa nchi ambayo hujafika."

Sechelela akaigusa kofia. Ilikuwa na uvuguvugu, kama kitu kilichotoka kuvuliwa sasa hivi.

"Wewe umeshawahi kuivaa?"

"Mama alipofariki. Kulikuwa na mradi mkubwa mikononi mwangu." Akatabasamu, tabasamu safi lisilo na doa. "Nafanya kazi vizuri sana tangu hapo."

"Mama yako alikuwa akikuitaje? Ukiwa mdogo, nyumbani."

"Lwitiko."

"Hilo ni la shuleni. Nauliza alipokuwa anakuita uje kula."

Mkaguzi akaangalia dirishani, mahali ambapo wingu la Bahi lilikuwa limeinua bega moja juu ya ukuta. "Lazima palikuwa na jina," alisema baadaye, kwa upole ule ule.

*

Mzee Ndahani mwenyewe alikubali. Hilo ndilo lililomchoma Sechelela kuliko yote. Angekataa, kazi ingekuwa rahisi; msimamizi angesimama upande wake na kupigana. Lakini mzee alisikiliza habari za kofia hadi mwisho, mikono imelala magotini, akasema, "Bahi nina mashemeji kule. Siwezi kuwanyeshea msiba wangu."

"Utamsahau Bi Talita, baba. Si jina. Yeye."

"Naelewa."

"Na unakubali?"

"Mwanangu, wewe ni kiongozi wa kazi, mimi ni kiongozi wa beseni. Kuna watoto kule. Watakula nini mwaka huu?" Kisha akaongeza, sauti imeshuka, "Mimi ningependa unikatalie. Lakini siwezi kukuomba unikatalie."

Usiku huo Sechelela aliota beseni limejaa mtama, na kila akichota kijiko anachota kuku mmoja. Sitaeleza zaidi. Ndoto nyingine za watu si za kusimulia.

Asubuhi hewa ilikuwa imetulia na nyepesi, kama inayosikiliza. Wingu lilikuwa limefika ukubwa wake. Lilikuwa limejaza karakana nzima, jeupe juu, la kijivu tumboni, na watu walitembea humo ndani wakionekana kuanzia magotini kwenda chini tu. Sauti zilifika kabla ya wenye sauti. Mtu akiacha neno mahali, jingine lilikuja kulikuta bado limening'inia.

Mzee Ndahani alikaa kwenye kigoda chake, kofia ya kijivu kichwani, mikanda miwili inaning'inia mashavuni. Alifanana na mtoto anayepelekwa kliniki. Bwana Lwitiko alishika chupa. Timu ilisimama nyuma, kila mmoja ameshika mahali pake pa wingu.

Sechelela alishika ncha za mikanda. "Ngoja," alisema, "nionje mara ya mwisho. Sheria inasema tuonje kabla ya marekebisho."

Hakuna sheria iliyosema hivyo, lakini mkaguzi aliitikia kwa kichwa. Akachota tone kutoka pale pale chini ya mdomo wa mzee, akaliweka kwenye ulimi.

Safari hii hapakuwa na kuku. Ulikuwa msiba. Aliuona kwa macho ya Ndahani mwenyewe, kutoka chini, kwenye mkeka. Aliona jeneza limewekwa kivulini, na majembe yameegemezwa ukutani. Wachimbaji wameshika mipini, wanasubiri, kwa sababu jembe halichimbi kaburi kabla watani hawajafika kulinyang'anya. Na watani wamefika. Wamesimama nje ya ua, Nyamizi mbele, wamevaa sare za karakana. Wako kimya kama nguzo za ua. Ndahani anawatazama. Anasubiri Nyamizi aingie akalale mbele ya jeneza, aseme maiti haitoki mpaka alipwe, aseme marehemu alikuwa mchoyo wa mlenda, aseme chochote. Nyamizi anaangalia vidole vyake. Mwishowe mzee mmoja anasema basi, tuchimbe. Wanachimba. Wanazika moja kwa moja bila kuzuiwa na mtu, kama wanafukia bomba la maji.

Popote timu inapokutana, hakuna utani. Sechelela alikuwepo siku hiyo, amesimama na mwavuli, na aliona jinsi timu yake ilivyokuwa na nidhamu. Alijivunia.

Akafumbua macho. Mikanda ilikuwa bado mikononi mwake.

"Mzee," alisema, "hii si huzuni ya msiba peke yake. Huu ni msiba ambao haujamalizika. Watani wako hawakukuzuia njia."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Walikatazwa."

"Niliwakataza mimi."

"Najua. Nilitaka kukuuliza kama huo nao ulikuwa mradi. Nikaona nitakukosea adabu."

Bwana Lwitiko akasogeza chupa. "Msimamizi, upepo."

Ulikuwa umeanza. Ulisikika mbali, juu ya vichaka, unakuja unapapasa kama mtu anayetafuta funguo. Sechelela alijua vizuri anachotaka kukifanya, na alijua vizuri kwamba wingu likicheka linaweza kwenda likamfuata mtu mmoja mpaka Tabora, na Bahi ikabaki inauliza hali zao. Kishikizo kilikuwa hapo kati ya kidole gumba na cha shahada. Kilikuwa kinafungika kwa kubonyeza tu.

Akaiachia mikanda, akaivua kofia, akaiweka kwenye mkono wa mkaguzi.

"Nyamizi," alisema.

"Bosi."

"Marufuku imeondoka. Nenda kazini kwako."

Nyamizi hakutikisika kwanza. Alimtazama bosi, akamtazama mzee, machozi yakamlenga, akayarudisha kwa mgongo wa mkono kama mtu anayefukuza inzi. Kisha akashuka kwenye kigoda, akajifunga kitenge kifuani, akalala chali mbele ya Mzee Ndahani, kifudifudi hapana, chali kabisa, mikono imekunjwa.

"Mimi siondoki hapa," alisema kwa kuelekea juu, kwenye wingu. "Mtu wangu amepita bila ruhusa yangu. Nani alimfungulia njia? Nani alichukua jembe bila kunilipa? Nyie watu wa mlenda mmezoea vitu vinavyoteleza, mnadhani na maiti inateleza tu inakwenda?"

Mahali fulani ndani ya wingu mtu aliguna, akajizuia.

Nyamizi akainuka. Alipoinuka hakuwa tena Nyamizi. Aliweka mkono kiunoni, akainamisha shingo upande mmoja vile vile, na sauti ikatoka ya Bi Talita, ile yenye mkwaruzo kidogo. "Ndahani. Unakwenda kazini na shati hilo? Watu watasema kwangu hakuna sabuni."

Karakana nzima ikaacha kuvuta mvuke. Hata upepo ulionekana umesimama ukutani. Mzee Ndahani alikuwa anamtazama, na uso wake ulikuwa mahali ambapo hakuna aliyejua utaangukia wapi.

"Hakuwa anasema hivyo," mzee alisema hatimaye.

"Alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa anasema," akashika ukosi wa shati lake, "alikuwa anasema, 'Kwa shati hilo, hata wingu litakukimbia.'"

"Na wewe unamjibuje?"

"Namwambia, si ndiyo kazi ninayolipwa, kulikimbiza wingu."

Ndipo akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kimetoka kimepinda kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, na nyuma yake kikaja kilio, na nyuma ya kilio kicheko kingine kilichonyooka zaidi. Alilia na kucheka huku ameinama juu ya beseni, na yote yaliingia mle mle. Timu nayo ikaachia. Wanyamwezi walidai fidia ya kuja msibani na njaa, Wagogo wakawaambia michembe haijawahi kumshibisha mtu. Wingu likaanza kutikisika kuanzia chini, likapanda, na watu wakaning'inia kwenye pindo zake kulituliza.

"Nilipe," Nyamizi alisema, mkono mbele. "Nataka yule kuku anayechechemea."

"Huyo hapana, mpagazi wewe. Huyo ni wake."

"Basi jogoo."

"Jogoo chukua."

"Na mbegu zake za maboga."

"Nenda ukaibe mwenyewe, kama kawaida yenu."

Nyamizi akaupokea mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akapiga goti. Hapo akawa Nyamizi tena. "Pole, mtani wangu," alisema. "Tulichelewa njiani."

*

Bwana Lwitiko alionja. Alikaa na tone kwenye ulimi muda mrefu, chupa tupu chini ya kwapa.

"Lina ladha," alisema.

"Lina," Sechelela alikubali.

"Kiwango kinasema lisiwe na ladha."

"Najua. Tulikosea kukitunga. Tulipima kama wingu limeharibika, hatukupima kama ni zima."

"Makao makuu hawatalipokea hilo."

"Hawatalipokea. Waambie ni msimamizi aliyelifungulia, na wewe ulikuwa umegeuka."

Mkaguzi hakugeuka. Aliomba kijiko, akachota mara ya pili, tone kubwa kidogo kuliko inavyoruhusiwa. Akafumba macho. Midomo ikacheza, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa kukipapasa, na akatamka jina dogo, la nyumbani, jina la kuitiwa chakula. Hakuna aliyelisikia vizuri, na hakuna aliyemwomba arudie. Akakaa chini kwenye kigoda cha Nyamizi, suti na yote, akaacha miguu ining'inie.

Sechelela mwenyewe alifungua vifungo vilivyolishika wingu ukutani. Upepo ulipita juu ya ukuta, ukaingiza mkono na kulitoa. Likainuka, jepesi kuliko ukubwa wake, likaanza kuteremka kuelekea bondeni. Wachunga mawingu walilifuata kwa miluzi, wakiliswaga kama ng'ombe. Pale kwenye njia ya Bahi alikuwa anapita mtu na baiskeli. Wingu likapunguza mwendo. Likamtazama. Timu nzima ilishika ukuta. Likamdondoshea matone machache kwenye kofia, ya salamu tu, likaendelea na safari yake.

Bahi lilinyesha hadi jioni. Walioliona wanasema watu walisimama mashambani nyuso juu, na kila mmoja akamkumbuka wake. Walilia kidogo, lakini mikono iliendelea kulima, maana kila aliyelia alisikia jirani yake anacheka, akauliza kuna nini, akaambiwa, "Nimemkumbuka baba, na ile suruali yake." Walipalilia mtama wakibishana marehemu fulani alikuwa anasema hivi au anasema vile. Mtama ulinyooka.

Sechelela alivuliwa usimamizi kabla hata matope hayajakauka. Sauti kutoka makao makuu ilimshukuru kwa utumishi wake na kumuuliza angependa kazi gani nyingine. Akaomba kigoda. Akapewa kando ya Mzee Ndahani, na siku ya kwanza vidole vyake viliuchana mvuke vipande vipande, na Nyamizi akamuuliza kama kwao Chidawali walifundishwa kufuma au kukuna nazi.

Jioni hiyo, kazi ilipokwisha, mzee alitangulia kuondoka, kwa sababu nyumba yake iko nyuma tu ya ukuta. Sechelela alibaki anasafisha beseni. Akamsikia kule ng'ambo anawaita kuku, sauti nene isiyozoea kazi hiyo. Kuku wakaja kwa fujo. Kisha pakawa kimya, kimya kirefu, cha mtu anayesubiri, mtama umebaki ngumini.

"Njoo," Ndahani alisema. "Njoo, wa mwisho wetu."

*

Nilipofika hapo nikafunga mdomo na kumtazama Kalunde. Alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya jogoo.

"Subiri," nikamwambia. "Uongo uko wapi?"

"Mawingu kufumwa nimekubali," alisema, bila kuinua macho kwenye fundo. "Kofia ya kunyonya huzuni nimekubali, dunia inakwenda mbali. Kunguru wanaojifuta midomo nimewameza kwa shida, lakini wameshuka. Hata hilo wingu lililomfuata mjomba wangu mpaka Tabora nimekubali."

"Sasa?"

"Umesema Mgogo alikula nusu ya mlenda, akausukuma pembeni."

"Alikuwa amefiwa, Kalunde."

"Hata angekuwa yeye ndiye aliyekufa."

Nikageuka kutafuta msaada. Ndugu zangu wenyewe, Wagogo watupu, kila mmoja alikuwa anaangalia mahali pengine. Dada yangu akasema pole pole kwamba hapo kweli nimezidisha.

Nikashika mguu mmoja wa jogoo ili fundo lifunguke vizuri, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kalunde akamtia kwapani, akasema asante, mtu wa mlenda, na akaenda zake bila kumaliza chai. Huyo jogoo sasa anawika ng'ambo ya ua kila alfajiri, na ameshashika lafudhi ya Tabora.